Sababu ya Kutokuja Awali

Nesi mkubwa alikuwa amefika ukurasa wa saba wa rejista, na kila jina aliloliwekea alama lilimchoma. Wakubwa walitaka kujua kama utaratibu mpya unafaa. Zamani wanawake walipanda kitanda cha chumbani kwake, naye akawapima saratani ya mlango wa kizazi. Sasa wanapewa kijiti chenye pamba, wanaingia msalani, wanajipima wenyewe. Wanaokuja mara ya kwanza wasipoongezeka, vijiti vitaondolewa na chumba chake kitarudi kama zamani. Hesabu kapewa yeye: alama moja kwa kila aliyekuja mara ya kwanza.

Miaka kumi na tisa amekishika chumba kile. Siku hizi kinafunguliwa Ijumaa tu, kwa wenye matatizo, na nesi mdogo, aliyekuja juzijuzi, anagawa vijiti mapokezi huku akichekeshana na watu kama anagawa peremende. Nesi mkubwa alimwonea wivu hadi mwandiko wake.

Kwenye mstari wa nne akakuta jina la dada yake, wa tumbo moja. Mara ngapi alimsihi aje apimwe? Dada alijibu kila mara kwamba ameshapimwa kwingine. Kwenye safu ya sababu ya kutokuja awali, mwandiko mzuri wa nesi mdogo ulisomeka: "Mpimaji ni mdogo wangu. Naona haya." Pembeni, kwa wino mwekundu: virusi vinavyoweza kuleta saratani vimeonekana, aitwe.

Karatasi ile ilikuwa imelegea nyuzi. Ingetoka bila kelele, na majina yote ishirini, na hesabu ingeshuka. Aliishika pembe, kisha akaiachia na kuweka alama kwenye jina la dada.

"Huyu umeshampigia?" aliuliza mlangoni mwa mapokezi, akionyesha jina lile.

Nesi mdogo alisema bado. Alijua ni ndugu. "Nilidhani utapenda umwambie wewe, mama. Ni damu yako."

"Mpigie wewe."

Akabaki mlangoni, kalamu mkononi. Nesi mdogo alieleza taratibu kwamba virusi si saratani, ila aje Ijumaa aangaliwe. Kisha simu ikatoa kicheko kidogo cha woga, kicheko ambacho dada hakuwahi kumpa yeye kila alipomsihi apimwe.

"Anauliza Ijumaa ataangaliwa na nani," nesi mdogo alisema, kiganja kikiziba simu.

"Mwambie ni wewe."

Akaenda kufungua chumba chake, akitayarishe kwa Ijumaa. Akatandika shuka safi, akikunja pembe vile dada alivyomfundisha enzi zile walipolala kitanda kimoja.