Babu Hachagui Simba

Kwa miaka minne Bwanali alitabiri mechi za mpira wa Marekani, ule unaobebwa mikononi na watu wenye kofia ngumu wanaogongana kama mbuzi dume, na kwa miaka yote minne hakuwachagua Simba wa Detroit hata mara moja. Wakicheza kwao, hakuwachagua. Wakicheza na timu iliyopoteza mechi tisa mfululizo, aliichagua hiyo iliyopoteza. Sababu aliitoa siku ile ile binti yake Rahima alipomwingiza kwenye kundi la utabiri la ukweni kwake, huko Michigan. Yeye ni Yanga, baba yake alikuwa Yanga, na mtu wa Yanga hawezi kumpa Simba ushindi kwa mkono wake mwenyewe, awe Simba wa Kariakoo, awe wa Detroit.

Rahima alicheka mpaka simu ikakwaruza. Alikuwa amekwenda Marekani kusomea uuguzi, akaolewa huko huko, akazaa mtoto mmoja, msichana, akampa jina la bibi yake, Pili. Mume hakujua Kiswahili. Mtoto alijua maneno kama ishirini. Rahima aliona njia rahisi ya kuwakutanisha babu wa Newala na mjukuu wa Michigan ni kuwapa kitu cha kugombania, na Pili, akiwa na miaka tisa tu, alikuwa anawapenda hao Simba kwa moyo wote.

Utaratibu wa kundi ulikuwa mwepesi. Kabla ya mechi za Jumapili kila mtu anaweka alama kwa timu anayodhani itaishinda nyingine, kisha anachagua wachezaji watano anaowaamini: mrusha mpira mmoja, wakimbiaji wawili, wadakaji wawili. Wakifanya vizuri, unapata pointi. Chini ya orodha kuna mahali pa kuandika, na hapo ndipo watu wanapochokozana.

Bwanali hakuwahi kuona mechi nzima. Aliona vipande vya dakika mbili mbili kwenye simu. Lakini kazi yake ilikuwa kupima ubora wa korosho kwenye ghala la chama cha msingi, na aliwachagua wachezaji kama anavyopima korosho. Hachagui gunia kwa kulitazama. Anachota kiganja kutoka juu, kiganja kutoka katikati, kiganja kutoka chini, anazipasua, anaona ngapi ni nyeupe na ngapi zimeoza au hazina kitu. Kwa hiyo hakujali majina makubwa. Alichukua mechi moja ya mwanzo wa msimu, moja ya katikati na moja ya juzi, akaangalia mchezaji alifanya nini. Mwaka wa pili alishika nafasi ya tatu kati ya watu kumi na mmoja, na angekuwa wa kwanza kama si Simba. Mjomba mmoja wa mkwewe alimuuliza siri yake. Rahima akatafsiri jibu: nawapasua.

Kila Jumapili baada ya sala ya alasiri alituma chaguo lake, na haukupita muda Pili alituma sauti. Kwanza mngurumo wa simba, halafu, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Babu hachagui Simba. Babu mbaya. Babu kichwa nazi." Hilo la nazi alifundishwa na mama yake. Bwanali aliwasikilizisha watu wote ghalani. Babu na mjukuu ni watani, hilo halihitaji kuelezwa Newala. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya dunia alikuwa anamtukana babu yake inavyostahili, na mzee alijiona tajiri.

Machi, Rahima akafa. Ilikuwa damu iliyoganda kwenye mapafu, walisema, na ilichukua asubuhi moja tu. Alizikwa huko. Newala walikaa matanga bila maiti, wanawake wakilia kuelekea chumba kitupu, na Bwanali alikaa siku mbili kwenye mkeka bila kutia kitu mdomoni.

Siku ya tatu akaja Gasper. Gasper ni dereva wa lori, mtu wa Lulindi, na ukoo wake na ukoo wa Bwanali ni watani tangu enzi za mababu. Aliingia uani akiwa amejipaka unga usoni, akajilaza chali katikati ya waombolezaji, akafumba macho kama maiti.

"Baba Rahima," alisema akiwa chini pale pale, "binti yako mchoyo. Amekwenda kufia mbali makusudi ili asitupikie wali. Tangu mdogo alikuwa hivyo, anakula dagaa amejifungia. Sasa fanya hivi: kufa wewe, angalau tule."

Wanawake waliacha kulia, wakashika midomo. Bwanali alimtazama yule mtu mzima aliyepakaa unga, na kitu kikamponyoka kifuani, kicheko kwanza, halafu kilio alichokuwa hajalia, halafu akaomba maji. Jioni ile alikula.

Hakulisahau. Aliwaambia watu baadaye kwamba dawa zote alizowahi kunywa hazikufika pale yalipofika maneno ya Gasper.

Msimu mpya ulianza Septemba, na Bwanali akafungua kundi kama aliyekuwa anasubiri mlangoni. Pili alikuwa na miaka kumi na mitatu sasa. Chaguo lake lilikuwepo, Simba wakiwa wa kwanza kama kawaida, lakini chini yake hapakuwa na neno. Hakukuwa na mngurumo. Bwanali aliandika, "Pili, hujambo mjukuu wangu," na siku mbili baadaye ukaja moyo mwekundu, basi. Wiki ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tano aliandika kwamba Simba watapigwa vibaya. Haukuja hata moyo. Wengine kwenye kundi walimwandikia mtoto maneno ya upole, na Bwanali, akiyapitisha kwenye tafsiri ya simu, aliona yote yanafanana: pole, tunakupenda, tuko nawe. Miezi saba ya pole. Aliona wazi kilichokuwa kinatokea. Mtoto alikuwa bado amekaa kwenye mkeka na hakuna mtu wa kumwinua. Kule hawana watani. Mtani wake wa pekee duniani alikuwa yeye.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, korosho zikiwa zimejaa ghalani mpaka mlangoni, alikaa juu ya gunia akaweka chaguo lake. Simba walikuwa wanacheza ugenini, akachagua wenyeji. Kisha akaanza kuandika chini. Jirani yake, Mwalimu Dominika anayefundisha Kiingereza sekondari, ndiye aliyezoea kumsaidia maneno magumu, lakini safari hii hakumwita. Utani anautoa mwenyewe mtani. Aliandika kwa Kiswahili, akijua simu ya Pili itatafsiri:

"Pili, Simba wako leo watapigwa mpaka wasahau njia ya kwao. Mama yako mchoyo, amefia mbali akatunyima wali. Sasa kufa wewe basi, tuje tule."

Aliisoma, akacheka peke yake, akatuma. Gasper alipofika kupakia magunia akamwonyesha. Gasper alisema ni utani mzuri ila una upungufu, hakutaja pua ya mtoto. Bwanali alimjibu kwamba pua ile imetoka upande wa baba, hana mamlaka nayo.

Jumatatu asubuhi alifungua simu kutafuta tusi la Pili. Kundi halikuwepo. Hakuona majina, wala orodha, wala matokeo. Alidhani bando limekwisha, akaongeza. Alidhani ni ukungu, kwa kuwa siku za ukungu mtandao wa Newala unasuasua, akasubiri mpaka jua lilipotoka. Mchana akapanda lori la Gasper hadi Masasi kwa fundi simu aliye karibu na stendi. Njiani Gasper alisema huenda Simba wameshinda na mtoto ameizima Marekani nzima kwa furaha. Kwa kweli Simba walikuwa wameshinda.

Fundi aliishika simu kwa nusu dakika. "Simu nzima, mzee," alisema. "Umetolewa."

Bwanali alimwomba aangalie tena. Fundi akaangalia, kwa heshima tu, akamrudishia na hakutaka malipo.

Kulikuwa na ujumbe mmoja ambao Bwanali aliuona tangu asubuhi, mrefu, wa Kiingereza, kutoka kwa mkwewe. Aliuacha akidhani ni matokeo ya wiki. Jioni aliupeleka kwa Dominika. Mwalimu alimwamkia, akamkaribisha kiti, akausoma kimya, kisha akaurudia kimya.

"Baba Rahima," alisema, "ulimwandikia nini mtoto?"

Akamtajia, neno kwa neno. Dominika ni mtu wa hapa hapa, amezaliwa Masasi, amekula wali wa matanga ya kwao na kusikia ya watani. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Halafu akafunika mdomo, akabaki amefunika, na macho yake yakabadilika.

Mkwe aliandika kwamba amepitisha maneno yale kwenye tafsiri mara tatu akidhani mashine imekosea. Mwanawe ameyakuta peke yake chumbani. Hajui kwa nini mtu amcheke marehemu binti yake mwenyewe, wala kwa nini amwambie mtoto afe, na hataki kujua. "Tafadhali usimwandikie tena binti yangu."

Dominika alikaa na kalamu jioni nzima. Aliandika kwa Kiingereza chake bora kuhusu watani, kuhusu unga usoni, kuhusu siku mbili ambazo Bwanali hakula na jinsi alivyokula. Aliandika kwamba maneno yale kwetu hayatumwi kwa mtu usiyempenda, kwa sababu hakuna atakayekusamehe. Bwanali alikaa pembeni akimwongezea: mwambie hata mimi nikiwa kwenye mkeka niliambiwa nife. Mwambie nilicheka. Dominika alitia yote. Wakatuma.

Siku nne Bwanali alipasua korosho bila kujua anapasua nini. Alipitisha gunia bovu na karani mkuu akalirudisha. Alikuwa amepanga la kufanya. Kama mkwe amekasirika, atatafutiwa mtu wa kumwomba radhi. Kwetu hasira ina taratibu zake: unatuma mshenga, unapeleka unga, unapeleka kuku, unakubali kusemwa. Alikwisha kumuuliza Dominika kama kuna namna ya kumpelekea Mmarekani kuku.

Siku ya tano jibu likaja. Dominika hakulisoma kimya safari hii. Alitafsiri huku akienda, polepole.

Mkwe alishukuru kwa maelezo. Alisema ameelewa, na kwamba anasikitika hakuuliza kwanza. Alimsomea Pili barua nzima. Pili alisikiliza mpaka mwisho. Anasema ameelewa pia, anajua babu hakumtakia mabaya. "Nikamuuliza kama nikurudishe kwenye kundi. Amesema hapana. Anasema akiona jina lako anayaona yale maneno. Anaomba usimchukie."

Nje mtu alikuwa anapita na ndoo za maji kwenye baiskeli, zikigongana.

"Hilo la mwisho," Bwanali aliuliza, "la kutomchukia. Ni la baba yake au la mtoto?"

"La mtoto."

"Hakunitukana?"

"Hapana, Baba Rahima. Amesema kwa adabu."

Bwanali aliitikia kwa kichwa. Angetukanwa angejua pa kuanzia. Kama mtoto angekuwa hajaelewa, wangeeleza tena, hata mara kumi. Sasa alikuwa ameelezwa, ameelewa, amesamehe, na amefunga mlango kwa upole kama mgeni anayeondoka asubuhi bila kutaka kuwaamsha wenyeji. Hapakuwa na kosa lililobaki la kuombea radhi. Pia aliona jambo jingine, na hilo hakumwambia Dominika. Hakujua namna nyingine yoyote ya kuzungumza na mjukuu. Ukimwondolea utani, mtoto yule alikuwa mtu wa Michigan mwenye miaka kumi na mitatu, na yeye mzee wa korosho.

Dominika aliuliza amjibu nini.

Mara mbili Bwanali alifungua mdomo, na mara zote mbili kilichomjia ni mzaha.

"Mwandikie kwamba nimepokea," alisema.

Dominika akaandika hayo, akatuma, na baada ya dakika chache simu ikaonyesha kwamba yamesomwa.