Kondoo wa Kuonyesha Wageni

Magoti yangu yalichoka kabla yangu. Ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu kijiji kinichague kulinda agdali ya Iferd, bonde letu la malisho, na kila mwaka wakinichagua walicheka, kwa sababu walijua hakuna mwingine atakayekubali. Kazi yenyewe ni kukaa juu mlimani tangu theluji inapoyeyuka hadi tarehe kumi ya Julai, kuhakikisha hakuna kondoo wala mbuzi anayetia mguu mle bondeni mpaka majani yatoe maua na maua yatoe mbegu. Siku hiyo ya kumi, jua likichomoza, mlinzi hupaza sauti na makundi yote huingia pamoja, yetu na ya jirani zetu Ayt Tagnit wa ng'ambo ya mlima. Ndivyo walivyopatana babu zetu na babu zao.

Haikuwa hivyo daima. Miaka ya ukame watu waliacha kufuata, wakaingiza mifugo tangu Aprili, na Iferd ikabaki udongo na kinyesi kikavu. Tulipoamua kuifunga tena, mwaka wa kwanza niliwarudisha watu kwa matusi, nao wakanijibu kwa matusi mazito zaidi. Mwaka wa nne kwale walirudi. Mwaka wa saba Itto, mke wangu, aliniletea mkate wa shayiri, akaona ua la zambarau ambalo hakuwa ameliona tangu alipokuwa bibi harusi. Akaketi chini akalia. Mimi nilidhani ameumwa na nyoka.

Sasa kosa langu. Nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mwingine. Mwezi Mei miaka miwili nyuma alikuja mpimaji na chombo chake cha miguu mitatu. Halmashauri ilikuwa inatengeneza mpango wa matumizi ya ardhi, kila bonde lipakwe rangi yake kwenye ramani: huku kulima, huku kujenga, huku kuchunga. Akaniuliza, "Bonde hili nani analitumia?"

Sisi watu wa mlimani, mtu wa serikali akituuliza habari ya mifugo tuna jibu moja tu, tumelinyonya na maziwa: hatuna. Huna kondoo, humjui mwenye kondoo, hujawahi kumwona kondoo. Babu yangu alitozwa kodi kwa kila kichwa cha mbuzi, na baba yangu alipigwa faini mpaka akauza jembe. Basi nikajibu, "Hakuna anayelitumia." Mpimaji akatazama huku na huku. Hakuona mnyama, hema wala kinyesi. Angeviona wapi? Ilikuwa Mei, na mimi nilikuwa nimefanya kazi yangu. Akaandika, akanishukuru, akaenda.

Mwaka huo wa kumi na moja ramani ikabandikwa ukutani pale ofisini. Iferd ilikuwa imepakwa manjano: ardhi tupu, wapewe wakulima wa matufaha, wachimbe kisima, wazungushe uzio. Addi, mwakilishi wetu wa ardhi ya jamaa, alipanda juu na nyumbu wake kuja kuniambia, na alipofika hakuketi.

"Basu, ulimwambia nini yule mpimaji?"

"Nilimwambia lile ambalo hata wewe ungemwambia."

Addi akaitikia kwa kichwa, maana ni kweli.

"Tarehe ishirini na tatu ya Juni wanamleta mhandisi," akasema. "Mwanamke. Anapita mara ya mwisho kabla hawajagonga muhuri. Akikuta patupu, tumekwisha."

"Patakuwa patupu. Si Juni?"

"Ndiyo maana nimekuja. Tuingize kondoo. Wachache tu, awaone."

"Siku kumi na saba kabla ya kufungua?"

"Una njia nyingine?"

"Tumwambie kweli."

Addi alicheka mpaka nyumbu akatega masikio. "Tumwambie nini, ewe mwenye hekima? Kwamba bonde hili tunalitumia kwa kutolitumia? Msomi wa mjini? Atakuandikia dawa za kichwa."

Niliporudi nyumbani Itto alinisikiliza mpaka mwisho huku anakanda unga. "Mficha uchi hazai, mzee," akasema. "Mweleze huyo binti."

"Wewe huijui ofisi."

"Ofisi siijui. Wewe nakujua. Unaogopa."

Niliogopa, sikatai. Ile rangi ya manjano ilitoka mdomoni mwangu. Niliona aibu kuwapinga wenzangu juu ya dawa wakati ugonjwa nimeuleta mimi. Na nilikuwa nimechoka. Miaka kumi na moja ya kusema hapana inamkausha mtu, na siku hiyo neno "ndiyo" lilikuwa rahisi kulitamka. Juma lililotangulia nilikuwa nimemrudisha Zayd wa Ayt Tagnit, ambaye kondoo wake ungeweza kuwahesabu mbavu ukiwa mbali. Hakubishana nami. Alisema tu, "Tarehe kumi, inshallah," akageuza kundi lake kurudi kwenye mawe.

Tulikubaliana kondoo ishirini wa Addi, kona ya chini, kwa muda wa saa mbili, basi. Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu niliondoa mawe yaliyoziba mlango wa bonde kwa mikono yangu. Ishirini wakaingia. Kisha nduguye Addi akauliza kwa nini kondoo wa Addi washibe kwa niaba ya kijiji, wake wamekosa nini? Naye akaleta wake. Wa tatu hakuuliza hata hilo. Ilipofika adhuhuri walikuwa zaidi ya mia tatu, nami nimepiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mhandisi hakuja. Maporomoko ya mawe yalifunga barabara, wakasema atafika kesho. Nikawaambia watu watoe mifugo. "Akifika mapema akakuta hakuna je?" wakanijibu. Kondoo wakabaki.

Alipofika kesho yake, Iferd ilikuwa imeliwa hadi katikati. Jina lake Ghizlan, binti mwembamba, viatu vimejaa vumbi, nyumbu wa Addi alimkataa njiani akapanda kwa miguu. Alinisalimu kwa heshima, akaniita ami, akatazama bondeni muda mrefu.

"Kwa hiyo hapa panachungwa," akasema.

"Panachungwa sana," Addi akadakia. "Kila siku."

Ghizlan akapiga picha, akaandika. Kisha akaketi juu ya jiwe, akavua kiatu na kutoa changarawe.

"Nilitumaini nitakuta vingine," akasema. "Nimetembea mabonde manane natafuta agdali. Bibi yangu alinisimulia habari zake. Kwenye mpango huu tumeweka rangi ya kijani kwa mahali ambapo wenyeji wenyewe wanafunga mpaka mbegu zikomae. Pakishapakwa kijani, matufaha hayaingii, kisima hakichimbwi, na utaratibu wenu unaandikwa kama mlivyourithi. Mpimaji aliandika kwamba hapa, mwezi wa Mei, hapakuwa na hata kinyesi cha mbuzi. Nikawaambia wenzangu ofisini, basi lazima ni hapa."

Addi alianza kuchunguza kwato za nyumbu wake.

Mtu anapanda mlima kuja kukupa kile ulichokililia, na wewe umekichinja jana yake ili umkaribishe vizuri.

"Ni hapa," nikasema. "Pamefungwa tangu Machi."

Akageuka kuwatazama kondoo. "Na hawa?"

"Hawa tumewaleta ili uwaone wewe."

Nikamweleza yote, tangu mpimaji hadi asubuhi ile. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ami, mimi nakuamini," akasema. "Lakini nikirudi na neno la mlinzi peke yake, na picha zangu zina kondoo mia tatu, watanicheka. Nahitaji shahidi asiye wa kijiji chenu. Mtu mliyemzuia, naye akatii."

Zayd alikuwa amesimama ukingoni tangu asubuhi, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake. Alisikia kengele za kondoo wetu kutoka ng'ambo akaja kuangalia. Nilikuwa nimemwona, nikajifanya sijamwona. Ghizlan alimfuata, nami nikaenda nyuma yake.

"Hapa panafungwa?" akamuuliza.

Zayd hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Tumefahamiana miaka thelathini, tumezikana wazazi. Nikasema moyoni, sema, ndugu yangu, sema neno moja tu.

"Juma lililopita alinirudisha," akasema taratibu. "Mwaka jana mara mbili. Kondoo wangu saba wamekufa tangu Mei nikingoja tarehe kumi."

Ghizlan alishaanza kuandika. "Kwa hiyo panafungwa."

"Hata mimi nilidhani hivyo," Zayd akasema.

Kalamu ikasimama. Ghizlan akakata alichokiandika, akaandika neno jingine fupi, na sikuhitaji kuuliza: kijani hatukuipata.

Zayd akatia vidole mdomoni akapiga mluzi. Kundi lake likatokeza juu ya ukingo, likaona majani, likaanza kushuka mbio. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia. Kondoo wa mbele alipunguza mwendo, akanitazama, maana alinijua. Nikasogea pembeni, wakapita.