Koti la Nathanaeli

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kwenye kibaraza cha ghala la kijiji, Filipo alifundisha namna ya kuchagua chambo. Wanafunzi wake wote walikuwa watu wa milimani, ambao hawakuwahi kukalia mtumbwi. Aliwapangia vitu juu ya gunia: nyungunyungu waliochimbwa matopeni, tonge la ugali uliokandwa na pumba, panzi, kipande cha sabuni ya kufulia na utumbo wa kuku. Perege ni mtu wa nafaka, alisema, mpe ugali au nyungunyungu. Kambare hana adabu, mpe kinachonuka. Filipo mwenyewe alikuwa Muha wa Kigoma. Alikuja ujanani kukata mkonge, na mkonge ulipomchosha akaandikwa mwalimu wa uvuvi wa kijiji kipya.

Kijiji kilikuwa na miezi mitano. Mwaka ule wa 1974 watu wa upande wa Suji, milimani Upare, walishushwa kwa malori hadi tambarare, kando ya bwawa, wakapewa viwanja vilivyochorwa kwa chokaa. Migomba na mifereji ilibaki juu, masanduku yakaja nao. Ndani ya masanduku, pamoja na Biblia na sufuria, mlikuwa na nguo za marehemu wao, ambazo ukoo uligawana baada ya matanga na kila mtu akatunza fungu lake.

Wiki ya kwanza bwawa halikutoa kitu. Kisha mzee Asheri, aliyeona kinyaa kushika nyungunyungu, alichomoa uzi mwekundu kwenye kanga ya marehemu mkewe, akaufunga kwenye ndoana akidhani samaki hupenda rangi. Filipo alicheka kidogo, ingawa kwao pia watu hufunga unyoya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kumlaghai samaki. Asheri alirudi na perege kumi na mmoja. Filipo akajaribu uzi mwekundu wa dukani, akarudi mikono mitupu. Ziliwachukua siku tisa kujua kwamba samaki wa bwawa lile hawali ila kilichokuwa cha mtu aliyekufa. Filipo aliliongeza hilo kwenye somo la Jumatatu, baada ya sabuni na kabla ya utumbo.

Watu wakazoea. Kipande cha shuka la babu kilitoa perege sita, kamba ya kiatu cha shemeji wa mtu ilileta kambare wa kilo nne. Halafu wanawake wakagundua upande wa pili wa jambo lenyewe. Waliokuwa na watoto kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, ambao hawakuwa wameandika barua muda mrefu, walikuja na uzi wa shati wakamwomba Filipo auzamishe. Salama wa nyumba ya tatu alizamisha soksi ya mwanawe asubuhi nzima, haikuguswa, akaimba hadi jioni. Mwanamke mwingine alirudi nyumbani na perege wawili, na hakuna aliyemuuliza kitu. Posta ya Same ilikuwa mbali, na haikuwahi kuwa na haraka kiasi hicho.

Rahabu hakuzamisha kitu cha mumewe, Nathanaeli. Alivua kwa kitambaa cha kichwa cha marehemu mama yake, uzi kwa uzi, na koti la mumewe alilifungia sandukuni.

Nathanaeli alichukuliwa Julai, siku mbili kabla ya malori, kwa sababu alisimama mkutanini akasema kwamba migomba haipandi lori. Landrova ilikuja asubuhi ya ukungu. Aliponyoosha mkono msumarini kuchukua koti lake la kaki, Eliufoo, aliyekuwa karani wa zoezi la kuhamisha watu, alimwambia, "Huna haja ya koti. Utarudi kabla ya mchana." Nathanaeli akatoka na shati tupu kwenye baridi ile ya Suji. Baadaye Eliufoo akawa mwenyekiti wa kijiji, na katika daftari, mbele ya jina la Nathanaeli, aliandika kwamba ametorokea Kenya.

Eliwaza, mama mkwe wa Rahabu, alipakua makande mabakuli matatu kila mchana. La tatu alilifunika kwa sahani na kuliweka juu ya kabati. Jioni aliwamwagia kuku makande hayo, na kesho yake akapakua tena.

Rahabu aliogopa. Aliogopa akipiga kafi, aliogopa akiparua samaki, na akipita karibu na sanduku alipunguza hatua kama mtu anayepita penye mgonjwa aliyelala. Maadamu koti lilikuwa mle ndani, Nathanaeli alikuwa Kenya. Pengine alibeba mizigo stesheni ya Voi. Pengine alikuwa na mke mwingine, na Rahabu alishajiandaa kumpokea mwanamke huyo, kumpa kiti na kumpikia.

Sikukuu ya Uhuru ilipokaribia, habari ilikuja kwamba wageni watatoka wilayani kuona maendeleo ya kijiji, na mwenyekiti akaahidi perege sitini. Lakini vitu vya marehemu vilikuwa vimekwisha. Kupanda milimani kuomba vingine kulihitaji kibali, na vibali alitoa Eliufoo, naye hakutoa. Badala yake alipita nyumba kwa nyumba na kalamu sikioni.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti," alisema Rahabu.

"Marahaba. Una nini wewe?"

"Sina. Kitambaa cha marehemu mama kimekwisha hadi pindo."

"Na lile koti?"

"Koti ni la mume wangu. Si umeandika mwenyewe kwamba yuko Kenya?"

Eliufoo alitazama daftari, hakulifungua. "Lina vifungo vingapi?"

"Vinne."

"Vinatosha," alisema, akaenda nyumba ya pili.

Rahabu alibaki mlangoni. Kila aliyewahi kuzamisha kitu bwawani alianza kwa kusema tujaribu, tuone. Eliufoo hakusema tujaribu.

Eliwaza alikuwa jikoni akikoroga chungu. Hakuacha kukoroga.

"Umemsikia?" aliuliza.

"Nimemsikia, mama."

"Kazamishe wewe. Mimi siwezi." Akasukuma kuni ndani, halafu akasema, "Kata cha chini. Cha juu ndicho alichokuwa anakifunga."

Kesho yake asubuhi Filipo alimpeleka mwenyewe katikati ya bwawa. Kulikuwa shwari, na milima ilionekana yote, mpaka mstari wa miti ya kanisa lao. Rahabu alifunga kifungo kwenye ndoana kwa uzi wa gunia. Alikosea fundo mara tatu kwa hofu.

"Shemeji," alisema Filipo, "tubandike na ugali kidogo juu yake. Ili usijue kilicholiwa ni kipi."

Akaubandika, tonge dogo, kwa uangalifu wa mtu anayefunga kidonda. Rahabu aliutazama. Alitamani sana kuuacha. Kisha akaubandua na kuutupa majini, nao ukazama bila kuguswa na yeyote.

Akashusha ndoana. Aliamua kuhesabu hadi mia, na asiposikia kitu arudi nyumbani akaimbe kama Salama. Alihesabu polepole, kwa Chasu, lugha ya kwao, akirudia namba alizozipenda. Alimwomba Mungu samaki wote wa bwawa wafe. Alipofika arobaini na mbili, mshipi ukavutwa.

Perege wa kwanza alikuwa mkubwa kama kiganja cha mwanamume. Kifungo kilikuwa bado kwenye ndoana, nacho kilikuwa cha baridi, baridi ya Julai ya kule juu. Akakishusha tena, kikavutwa tena. Walikuja mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama watu kwenye foleni ya duka la ushirika. Rahabu alilia akivuta, wala hakuacha kuvuta. Filipo alihesabu hadi sitini na tatu, kisha akapiga kafi kurudi.

Eliwaza aliwaona kutoka ufukweni, mtumbwi ukiwa umezama kwa uzito karibu hadi ukingo wake. Hakuwangoja. Alirudi nyumbani akapakua makande, mabakuli mawili.

Wageni walikula na kusifu. Eliufoo alikula watatu, akanyonya miiba, akasema samaki wa safari hii wana mafuta.

Baada ya sikukuu Rahabu alikwenda ofisini kumwomba afute neno Kenya na kumwandika yeye mjane, ili ukoo uweke matanga.

"Daftari linataka hati ya daktari," alisema Eliufoo, "au kaburi."

"Samaki sitini na watatu, Ndugu Mwenyekiti."

"Samaki si hati. Na hata hao wameshaliwa."

Rahabu hakubishana. Kulikuwa na joto, na koti la mwenyekiti lilining'inia nyuma ya kiti chake, koti zuri la kijivu. Alilitazama tu, kwa muda kidogo, kwa jicho ambalo Filipo alilifundisha kila Jumatatu. Kisha akaaga.

Nathanaeli yuko Kenya daftarini hadi leo. Eliwaza na Rahabu walimlilia wenyewe, mlango umefungwa, bila kibali, na vifungo vitatu vilivyobaki walivishonea ndani ya mto.

Eliufoo hakuvua tena koti lake mbele za watu. Alilivaa mkutanini, shambani na kwenye jua la Januari ambalo kwenye tambarare ile huchoma hata mbuzi, na mkewe alisema hulala nalo. Alilifua mwenyewe, chumbani, kwenye beseni. Siku moja alipokuwa akilianika aliona kwamba kifungo cha chini hakipo. Alipita nyumba kwa nyumba akiulizia, jasho likimtiririka, na kila nyumba ilimpa kiti na maji ya kunywa, ikamjibu kwa heshima kwamba, Ndugu Mwenyekiti, hatujakiona.