Bata Mzinga wa Hajati Zulaikha

Mvua za Machi zilipoanza, bata mzinga dume wa Hajati Zulaikha alirukwa na akili. Walioshuhudia vituko vyake ni walinzi wawili wa lango, Faustino na Kamis, kwani katika ule ua wa ukumbi wake wa harusi pale Kansanga, magari ya asubuhi yakishaingia hakuna kingine cha kutazama. Lango la chuma likifungwa kwa kishindo, dume alijibu gulugulu kama aliyetukanwa. Radi ikipiga, alijibu. Kamis akipiga chafya, alijibu vilevile. Siku moja aliona dume mwenzake ndani ya mlango mweusi wa gari la mgeni, akapigana naye mpaka rangi ikabanduka. Baadaye akaipenda ndoo nyekundu ya deki. Aliizunguka kutwa nzima, mkia ameutandaza, mabawa yanaburura chini, na mfagiaji akaogopa kuichukua.

"Ndoo imemkataa," Kamis alisema.

"Kesho atakuja na wazee wa ukoo," Faustino akajibu.

Kamis alikuwa Mnubi wa Old Kampala, zamani dereva wa malori. Faustino alikuwa Mwacholi, mwanajeshi mstaafu, na Kamis hakuacha kumwita afande. Walikuwa wamekaa pamoja langoni muda mrefu, na kila mmoja alijua hadithi zote za mwenzake. Jambo moja tu Kamis hakulijua. Tangu mwaka uliopita, mkono wa kulia wa Faustino ulikuwa ukitetemeka wenyewe, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayesokota uzi. Ukishika kitu ulitulia kidogo, kwa hiyo aliushikisha mkanda wa bunduki kuanzia asubuhi hadi jioni. Nyumbani Namuwongo alianza kula peke yake, akimwambia mkewe Joska kwamba amechoka.

Ijumaa moja dume aliruka ukuta, akaenda zake. Hajati Zulaikha alitoka akiwa amefunga kilemba nusu.

"Faustino, si ndiwe unayetusimulia ulivyowinda kanga huko kwenu Kitgum? Basi niletee dume wangu. Jioni wageni wa binti yangu wanakuja, nami nimeshawaahidi nyama yake."

Faustino alimwachia mlinzi wa ukumbini bunduki, naye na Kamis wakateremka kwenye bonde la majimaji nyuma ya nyumba, ambako watu wamelima majimbi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alijisikia mtu wa maana. Alichuchumaa nyuma ya majani mapana, akamwashiria Kamis anyamaze, akakunja ulimi na kutoa sauti ya jike, laini, ya kukatikakatika.

Upande wa pili wa shamba dume akaitika.

Alitokea akiwa amejitutumua, kichwa buluu, shingo nyekundu, kile kinyama cha juu ya mdomo kikining'inia kama kamasi. Bodaboda ikapiga honi barabarani, akasimama kuijibu. Akapiga hatua, akakanyaga bawa lake mwenyewe, nusura aanguke, kisha akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyemwona. Kamis alishindwa kuvumilia. Akatoa simu, akaanza kurekodi.

Faustino alinyoosha mkono juu ya majani, taratibu, kama alivyofanya ujanani. Haukuwa na mkanda wa kushika, ukaanza kucheza. Dume akauona. Ngumi nyeusi ikinesanesa juu ya majani, kwake yeye ilikuwa kichwa cha jike. Akausogelea, akauzunguka, akainama, akavimba mpaka manyoya yakamsimama.

"Afande, amekupenda," Kamis alisema, na kicheko kikamkalisha matopeni. "Utikise tena. Utikise, anakuposa huyo."

Faustino naye alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumboni, na machozi yalimtoka. Kisha akauambia mkono umkamate ndege mguu. Kifua cha dume kilikuwa kimegusa vidole vyake.

"Mkamate basi," Kamis akasema.

"Ngoja."

"Anaondoka, afande. Mkamate."

"Haunisikii, Kamis."

"Nani hakusikii?"

"Mkono."

Kamis alishusha simu. Aliutazama ule mkono, akamtazama mwenye mkono, halafu akajirusha akamdaka dume kwa mabawa yote mawili. Wakipanda kurudi alisema bila kugeuka, "Tutasema umemshika wewe." Faustino aliitikia kwa kichwa. Dume alichinjwa kabla ya alasiri, na Hajati alimsifu Faustino mbele ya wageni.

Jioni ile Kamis aliikata video, akaiacha sehemu ya kuchekesha tu, akamtumia dada yake Rukiah. Hakuona ubaya. Jumapili ilikuwa kwenye simu za watu wasiomjua Rukiah wala Kamis, na mtu fulani alikuwa ameshaitilia muziki.

Joska aliiona sokoni, kwenye simu ya jirani. Alicheka akajivunia, akamwambia kila aliyepita kwamba huyo ni mume wake. Alipofika nyumbani aliitazama tena kwenye simu yake mwenyewe, safari hii bila sauti. Akairudia, akairudia tena. Faustino alikuwa ameketi mezani, mikono chini.

"Baba Amony, hapa ulikuwa unamchezea?"

"Ndiyo. Ni mbinu ya kuwinda."

"Basi nimiminie chai."

Hakusogea. Joska alisubiri, kisha akaimimina mwenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Nilidhani una mwanamke," Joska alisema. "Huli na mimi, hunigusi. Nimemtafuta mtaa mzima."

"Heri ingekuwa hivyo."

Joska hakubisha.

Katikati ya wiki, Olal, msimamizi wa kampuni ya ulinzi, alimwita Faustino ofisini. Alikuwa Mwacholi mwenzake, mdogo kiasi cha kuwa mwanawe, na alimpa kiti kabla ya kusema neno.

"Mzee, hata mimi nilicheka. Lakini nimekaa nikafikiri. Hebu nyoosha mkono."

Faustino aliunyoosha. Wote wawili waliutazama.

"Siwezi kukupa bunduki na mkono huu."

"Nipe lango bila bunduki."

"Wateja hawataki lango bila bunduki, mzee. Nisamehe."

Alirudisha sare na buti siku ileile. Kamis alikuja Namuwongo, akasimama mlangoni asitake kuingia.

"Niliikata, afande. Ile ya mwisho sikumwonyesha mtu."

"Najua. Ningekuwa na simu mimi, ningerekodi pia."

Kamis alikuja tena mara kadhaa, akiongea habari za langoni na za mlinzi mpya asiyejua mzaha. Kisha akahamishiwa zamu ya usiku, na ziara zikapungua, zikaisha.

Hospitalini daktari alisema kuna vidonge vya kupunguza kutetemeka, lakini vya kuuponya ugonjwa wenyewe hakuna. Wiki nyingine vidonge vilikuwapo, wiki nyingine dirisha la dawa lilikuwa limefungwa. Joska alianza kukaanga mihogo kando ya reli. Watoto wa kichochoroni walikuwa na mchezo wao: mmoja anatandaza mikono na kuvimba, mwingine anatetemesha ngumi mbele yake. Mwanzoni Joska aliwafukuza na mwiko. Baadaye alichoka.

Mchana mmoja Faustino alikuwa mlangoni, mkono wa kulia ukicheza pajani kama kawaida yake. Hakuuficha tena. Akahisi kitu upande wa pili. Akatazama. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kikiruka, kidogo tu, kikatulia, kikaruka tena.

"Baba Amony," Joska aliita kutoka jikoni, "njoo unishikie gunia."

"Nakuja," alisema. Akaukalia mkono wa kushoto, akabaki palepale.