Binti Aliyemvunja Mwalimu Kidole

Siku Nadine alipomvunja mwalimu kidole, shule nzima ilisema arudishwe kwao. Alikuwa binti mpole, anayeongoza kwa hesabu, ila ukimtisha ghafla anageuka mtu mwingine. Asubuhi hiyo Mwalimu Longinus aliwachapa waliochelewa. Ilipofika zamu ya Nadine, binti alimpokonya mwalimu fimbo, akampiga nayo mkononi, akaendelea mpaka wenzake walipomshika.

Mama yake, Rosa, alitoka kijijini Kitanga kwa bodaboda akijua anakwenda kumchukua mwanawe. Mbele ya walimu aliomba radhi tu. Longinus, mkono wake umefungwa bandeji, ndiye aliyemuuliza Rosa binti yake alianza lini kuwa hivyo.

Rosa alieleza kwamba walipokuwa katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, mumewe alivamiwa porini alikokwenda kutafuta kuni na binti yake. Watu wasiojulikana walimpiga kwa magongo mpaka akafa, mtoto akitazama. Nyumbani hawakulizungumza tena. Kwao mtu hufundishwa kumeza machozi. Nadine alipoanza kupiga mayowe usingizini, majirani walisema ana mashetani, na mama akazidi kunyamaza.

"Na mimi nikamwinulia fimbo," Longinus aliwaambia wenzake. "Asifukuzwe. Atibiwe."

Walibishana sana, lakini mkuu wa shule alikubali. Longinus akawapeleka kwa Elieth, muuguzi wa afya ya akili mjini Kasulu. Rosa aliogopa mwanawe ataitwa kichaa. Elieth alimwambia kuwa kidonda cha moyoni nacho ni kidonda, kinauguzwa. Wiki za mwanzo Nadine hakufungua kinywa. Siku alipomtaja baba yake kwa jina, alilia, na Rosa akalia naye, mara ya kwanza tangu mazishi.

Hakupona mara moja. Aliwahi kumsukuma mwenzake ukutani, ila jioni yake akaenda mwenyewe kumwomba msamaha. Longinus aliacha kuchapa. Walimu wengine hawakuacha, lakini kwa Nadine walijizuia.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na Nadine kufaulu, Rosa alikwenda kwa Longinus na kapu la maharage kichwani, akapiga magoti uani.

"Inuka, Mama Nadine," mwalimu alisema.

"Niache nishukuru. Mwanangu alikuumiza, nawe ukauliza yeye ameumia wapi. Murakoze, asante sana, mwalimu."

Longinus alimshika mkono akamwinua, kisha akamwomba mkewe aongeze ugali, mgeni asiondoke bila kula.