Tarumbeta Bila Spika

Jino lenyewe lilitoka bila shida. Lilikuwa la mwisho kabisa, chini upande wa kushoto, na daktari wa meno alilitoa huku akizungumza na muuguzi kuhusu paa la nyumba yake. Sindano ya ganzi ilitakiwa kuisha nguvu kabla ya jioni. Haikuisha. Daktari alieleza baadaye kwamba mshipa wa fahamu uliguswa. Huenda ungepona, huenda usingepona, na hakuna dawa ya kuuharakisha. Nusu ya mdomo wa chini wa mpiga tarumbeta ya kwanza ikabaki kama nyama ya mtu mwingine.

Bendi nzima ilimwita Parapanda. Alipewa jina hilo enzi ambazo bendi haikuwa na spika, alipokuwa akipuliza katikati ya uwanja na walioko getini wanageuka. Siku hizi hakuna aliyehitaji kupuliza hivyo. Kila tarumbeta ilikuwa na maiki yake, kila maiki ilikuwa na kitufe chake kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, na nyuma ya mikisa alikaa fundi mitambo, ambaye ni binti yake.

Binti ndiye aliyejua kwanza. Aliona sauti ya baba yake ikiingia ndogo wakati za wenzake zinaingia kubwa. Akapandisha kitufe. Mazoezi yaliyofuata akakipandisha tena. Hakuuliza chochote mpaka siku moja nyumbani, mezani, alipoona chai inamtiririka baba kidevuni naye anaendelea kusoma gazeti.

Akampa kitambaa. “Ni lile jino?”

“Ndilo.”

“Mwalimu wa bendi anajua?”

“Ajue nini? Amesikia kitu kimepungua?”

“Anachosikia ni mkono wangu, baba.”

Parapanda alifuta kidevu, akakunja gazeti. Ilikuwa kweli, na hakuona cha kuongeza. Kabla ya kila onyesho alijitazama kwenye kioo cha mfukoni ili kujua pa kuweka kikombe cha kupulizia cha tarumbeta, kwa kuwa mdomo wenyewe haukumwambia. Alijua kwamba mtu mwingine angekuwa amelia. Yeye alisubiri kilio kama anavyosubiriwa fundi bomba: akija sawa, asipokuja maisha yanaendelea.

Kisha bendi ikapata nafasi katika ukumbi wa zamani wa mji, wenye kuta za mawe na dari ya mbao. Kiongozi wa bendi, aliyeitwa Mwalimu na kila mtu isipokuwa Parapanda, ambaye dada yake ndiye mke wa kiongozi huyo, alikwenda kuukagua, akapiga makofi mara moja katikati ya sakafu, akarudi ameshaamua.

“Hakuna spika,” aliwaambia. “Pale ukiweka spika, sauti inagonga ukuta, inarudi, inapigana vikumbo na inayokuja. Tutapuliza kama binadamu.”

“Kwani mimi nimekuwa nikipuliza kama nani?” aliuliza mpiga tuba, mtu mnene aliyejiita mwenyewe Tembo kabla hajaitwa na wengine.

“Kama mtu anayesaidiwa na umeme.”

Wakacheka. Parapanda alicheka pia, upande wa kulia. Wimbo wa kufungulia ulianza na tarumbeta ya kwanza ikiwa peke yake, bila ngoma, bila tromboni, bila pa kujificha. Kiti hicho alikikalia tangu kabla binti yake hajazaliwa. Asingesikika, kiti kingeondoka.

Walifanya mazoezi ukumbini. Mwalimu alipoinua mkono, Parapanda aliweka kikombe mdomoni, akainamisha tarumbeta, akapuliza kuelekea pale ambapo maiki huwa inasimama. Hapakuwa na maiki. Hewa ilivuja kwenye kona ya kushoto ya mdomo na kilichobaki kikafika safu za mbele za viti, kikaishia hapo. Mwanamke wa tarumbeta ya pili, aliyeketi kando yake, alitazama karatasi yake ya noti kana kwamba imeandikwa upya.

“Shemeji, una mafua?” Mwalimu aliuliza.

“Nina jino. Yaani, sina jino. Mdomo umekufa ganzi.”

“Tangu lini?”

Parapanda akamwambia. Mwalimu alimgeukia fundi mitambo, aliyekuwa amekaa viti vya mbele bila kazi, na fundi mitambo akatazama viatu vyake. Hapo Mwalimu akaelewa yote mawili, mdomo na kitufe.

“Basi leta maiki moja,” alimwambia fundi mitambo. “Yake tu. Kidogo kidogo, hakuna atakayejua.”

Binti alileta maiki na spika moja, akaificha spika nyuma ya pazia. Parapanda akasema anataka kusikia mwenyewe, na pale kitini hawezi. Akamwomba tarumbeta ya pili akae mahali pake na kupuliza polepole kama yeye, kisha akashuka akakaa katikati ya ukumbi.

Wimbo ulipofika mahali ambapo wote hupiga pamoja, alifumba macho. Tuba ilitoka alipokaa Tembo. Tromboni zilitoka zilipokaa tromboni. Angeweza kuzielekezea kidole moja moja. Tarumbeta ya kwanza ilitoka nyuma ya pazia.

“Sikio halidanganyiki,” binti alisema, ameketi nyuma yake. “Nitaisogeza.”

Akaiweka chini ya kiti chenyewe. Sauti ikatoka mahali pake, lakini nyembamba, picha ya mtu iliyosimamishwa katikati ya watu. Dari haikuijibu.

“Zima,” Parapanda alisema, kisha akainua sauti kumwelekea mwanamke wa tarumbeta ya pili. “Dada, sasa puliza unavyojua wewe.”

“Kaka, kipande ni chako.”

“Puliza. Nimeshakaa vizuri.”

Akainua tarumbeta, akapuliza. Sauti ilipanda kwenye mbao na kuwashukia wote kwa pamoja, na mfagiaji aliyekuwa mlangoni akaacha kufagia. Parapanda alingoja wivu. Alingoja aibu. Alichokipata ni kwamba noti ya mwisho ilikuwa imepanda kidogo, na kwamba kuirekebisha si kazi kubwa. Akarudi jukwaani, akamwambia, kisha akamwachia kipande hicho.

“Kwa ukumbi huu tu, shemeji,” Mwalimu alisema. “Baada ya hapa tunarudi uwanjani, spika zipo, kiti chako kipo.”

Usiku wa onyesho Parapanda alipiga sehemu ya tarumbeta ya tatu, ya chini. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Binti alimsaidia kufunga vitu.

“Uwanjani nitakupandisha kama kawaida,” alisema.

“Usinipandishe. Niweke sawa na wenzangu.”

“Nikikuweka sawa hutasikika.”

“Nisisikike.”

“Baba, unajikomoa bure.”

“Sijikomoi. Nilikaa kwenye viti nikasikiliza. Kinachotoka kwenye spika ni kazi yako, na ni nzuri. Ila si mimi.”

“Na mdomo ukipona?”

“Nitaomba kiti. Nitaomba kama mtu mwingine yeyote.”

Uwanjani, wiki iliyofuata, alifika mapema, akahamishia stendi yake ya noti kwenye kiti cha tatu. Tarumbeta ya pili alikuja akakaa palepale alipozoea. Kiti cha kwanza kikawa wazi, na wanamuziki wakawa wanakizunguka kwa macho. Mwalimu alimtazama Parapanda.

“Sogea, dada,” Parapanda alisema. “Watu wanasubiri.”

Akasogea, na aliyekuwa wa tatu akachukua kiti cha pili. Nyuma ya mikisa, binti alivipanga vitufe vyote vya tarumbeta kwenye mstari mmoja, akaondoa mkono. Mwalimu akaanzisha.

Kwenye spika Parapanda hakusikika. Wimbo ulipokwisha, Tembo, aliyekaa nyuma yake kabisa, aliinama mbele juu ya tuba.

“Mzee, zile za chini zilikuwa safi.”

“Ya mwisho nilichelewa,” Parapanda alisema, akageuza karatasi.