Mrithi wa Wimbo wa Mukeshimana

Kufuli lile Auleria hakulitupa. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya kaunta, juu ya leseni ya muziki, ili kila akipangusa leseni alione na kufuli. Miaka minne iliyopita watu wa chama cha mirabaha walifika Nyakahura na gari, wakaufunga ukumbi wake siku kumi na moja kwa kosa la kupiga muziki bila leseni. Hawakumuuliza kama aliwahi kuambiwa kwamba kuna leseni. Redio haikusema, mtendaji wa kata hakusema. Mwenye gari akisahau kukueleza jambo, kosa linakuwa lako wewe unayetembea kwa miguu.

Alilipa. Tangu hapo hakuna ukumbi kati ya Rusumo na Biharamulo uliofuata utaratibu kama wake. Kila mwezi alijaza orodha ya nyimbo zilizopigwa, kwa rula na wino wa buluu, akaituma chamani na nakala akaiweka kwenye kopo la biskuti. Alielezwa kwamba orodha hiyo ndiyo inayoonyesha mirabaha, yaani malipo ya nyimbo, iende kwa nani.

Mwanamuziki wake alikuwa mmoja tu, Mzee Alfonce, Mhangaza wa Ngara. Kila Jumapili baada ya misa alilaza inanga mapajani, akazitomasa zile nyuzi nane mpaka madereva wa malori wakaegesha kumsikiliza. Sasa vidole vilikuwa vinakakamaa. Jumapili mbili zilizopita alikatisha wimbo katikati, akasingizia kikohozi. Auleria aliona. Akajiambia, jina la mpigaji liko kwenye kila orodha, mirabaha yake itakuja, atakula hata asipopiga.

Jumanne asubuhi akaja Ferdinand, afisa wa chama, safari hii kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta kufuli lingine? Hili la kwanza bado zima."

Ferdinand alicheka kwa aibu. "Mama, orodha zako ni safi kuliko zote tulizonazo. Lakini wenye nyimbo hatuwapati. Niragira ni nani? Na Mukeshimana, aliyepigwa mara mia moja arobaini na moja? Tumemtafuta Mwanza, tumemtafuta Dar. Hakuna mwanamuziki wa jina hilo."

"Nani kakwambia ni mwanamuziki? Mukeshimana ni marehemu mke wa Mzee Alfonce. Niragira anauza maharage pale ng'ambo ya barabara."

"Mbona umewaandika kuwa wamiliki?"

"Fomu yenu imeuliza mmiliki, nami nimeandika mmiliki."

Na alikuwa ameandika kweli. Kwao Ngara, mpiga inanga akikutungia wimbo, harusini au msibani, ukampa rubisi, pombe ya ndizi, akanywa, wimbo ni wako. Yeye anabaki kuupiga tu, na kila akiupiga anakutaja wewe kwanza. Walioichapa fomu ile hawakumuuliza mtu yeyote wa huku.

"Tunamtaka mtunzi," alisema Ferdinand taratibu. "Fedha zisizo na mwenyewe zinakaa miaka mitatu. Ijumaa hii zinagawiwa wasanii wengine, wale wenye majina."

Auleria akakaa chini. Kumbe ni mkono wake mwenyewe, kwa rula, uliomnyima mzee chakula.

Aliitwa Mzee Alfonce, akaja na fimbo yake. Ferdinand akamwamkia, akamweleza, akamsogezea kalamu: aweke saini tu kwamba nyimbo ni zake.

"Si zangu."

"Mzee, si umezitunga wewe?"

"Nimezitunga. Hata ng'ombe wa mahari nilimlea mimi, nikampeleka kwa wakwe. Leo nirudi nimfungue zizini kwao kwa sababu nina njaa?"

Auleria akatoka mlangoni. "Niragira! We Niragira, hebu njoo!"

Niragira akaja akijipangusa kanga. Alipoelezwa, alishika kiuno. "Wimbo ni wangu, nilipewa msibani kwa mume wangu. Rubisi alikunywa huyu, vibuyu viwili, aseme kama ni uongo."

"Vitatu," alisema mzee.

"Umeona! Lakini wewe ukila, mzee wangu, wimbo wangu unapungua nini? Andika nimemruhusu." Akaweka dole gumba, akarudi kwenye maharage yake.

Ukabaki wa Mukeshimana, ule wa mara mia moja arobaini na moja.

"Huyu hayupo wa kumwomba ruhusa," alisema Alfonce. "Nilimtungia siku ya harusi yetu, akaninywesha rubisi kwa mkono wake. Marehemu simnyang'anyi."

"Baba, nimekosa mimi. Usiniache na mzigo huu."

"Hujakosa, binti yangu. Uliandika sawasawa."

Ferdinand alianza kukusanya karatasi. Auleria akalitazama kufuli, na hasira ya siku kumi na moja ikampanda upya, ikamfungua akili.

"Ngoja wewe. Mwenye wimbo akifa, chama chenu kinamlipa nani?"

"Mrithi. Ana fomu yake."

"Baba, Mukeshimana alipofariki, shamba lake la kahawa lilichukuliwa na nani?"

"Mimi. Ukoo ulikaa siku ya kumaliza msiba, ukanikabidhi kila kilichokuwa chake."

"Kila kitu?"

"Kila ki..." Alfonce akaitazama fimbo yake. "Kila kitu," alisema polepole.

Ferdinand akajishika kichwa. "Mtu arithi wimbo alioutunga mwenyewe? Bosi wangu atanifukuza!"

"Akufukuze na saini ukiwa nayo," alisema Auleria.

Ferdinand akacheka, safari hii kwa moyo, akatoa fomu ya mrithi. Alfonce akaishika kalamu kwa vidole vyake vigumu, akaandika jina lake herufi moja moja, kama anayeweka nyuzi mpya. Kisha hakuiachia karatasi.

"Andikeni na hili. Popote wimbo huu utakapopigwa, yeye atajwe kwanza."

"Mzee, hapa hakuna nafasi ya hilo."

Auleria akavuta rula, akaanza kuichora.